Neno "officinalis" kwenye pakiti ya dawa ya mitishamba lina maana gani?

"Mtaalamu, mama yangu ana miaka 68 na miguu yake huvimba jioni. Tangu mwaka jana anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa agizo la daktari, baada ya kupatikana na donge la damu mguuni. Wiki hii jamaa yetu mmoja amemletea pakiti ya unga wa mmea, imeandikwa Melilotus officinalis. Karatasi iliyomo ndani inasema officinalis maana yake ni 'mmea rasmi wa dawa', kwamba wanasayansi hutoa daraja hilo kwa mimea iliyothibitishwa tu, na kwa hiyo unga huo unaweza kutumika pamoja na dawa yoyote. Nikaangalia pakiti yetu ya tangawizi, nikakuta Zingiber officinale. Je, officinale ni daraja la chini kuliko officinalis? Neno hili limetoka wapi hasa? Na mama aanze kuutumia unga huu? Ameniambia anasubiri jibu langu."

Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla kijiko cha kwanza hakijachotwa. Kwa kuwa mama anasubiri, nitangulize jibu lake. Unga huo asiuanze, na warfarini yake asiiache wala asiipunguze, mpaka azungumze na daktari au mfamasia anayemfuatilia. Mmea ulio kwenye pakiti hiyo una undugu wa karibu na dawa anayomeza, undugu ambao aliyeandika karatasi ile ama hakuujua ama hakuutaja. Nitaufikia. Lakini umeuliza kuhusu neno, na neno lenyewe lina safari ndefu inayostahili kusimuliwa, maana ukiijua hakuna muuzaji atakayekuyumbisha tena kwa Kilatini.

Officinalis ni kivumishi kilichotokana na nomino ya Kilatini officina. Officina ilikuwa mahali pa kufanyia kazi: banda la mfinyanzi, kiwanda cha mhunzi, chumba cha fundi yeyote. Umbo lake la kale zaidi ni opificina, na ukilipasua unakuta maneno mawili ndani yake, opus, yaani kazi, na facere, yaani kufanya. Sisi tunalo neno linalokaa kwenye kiti hichohicho: karakana. Hilo lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako kar ni kazi na khana ni nyumba. Kwa hiyo ukitaka kukitafsiri kivumishi hiki kwa uaminifu, pa kuanzia ni "wa karakana".

Waroma walilitumia neno hilo kila siku. Vyombo vyao vyekundu vya mezani, ambavyo wachimbuaji wa mambo ya kale huvikuta kwa wingi, mara nyingi vina mhuri wa herufi OF ukifuatana na jina la fundi, maana yake chombo kimetoka katika officina ya fulani. Karne nyingi baadaye wachapaji wa vitabu nao wakalichukua. Christophe Plantin wa Antwerp, aliyechapa baadhi ya vitabu vikubwa vya mimea vya karne ya 16, alijulisha wasomaji kwa neno hilohilo kwamba kitabu kimetoka katika karakana yake.

Katika monasteri za Ulaya za zama za kati, officina ilianza kuwa pia chumba cha kazi na cha akiba: jikoni, stoo ya vyakula, na hatimaye chumba cha kuandalia na kutunzia dawa. Upo mchoro maarufu wa monasteri uliohifadhiwa Sankt Gallen, Uswisi, uliochorwa mwanzoni mwa karne ya 9. Unaonyesha nyumba ya waganga ikiwa na chumba cha kuwekea dawa, na karibu yake bustani ya vitalu 16, kila kitalu kikiwa kimeandikwa jina la mmea wake. Salvia, mmea wa majani yenye harufu, imo humo, waridi limo, mnanaa umo. Mimea inatoka kitaluni, inakaushwa, inaingia chumbani, inasubiri mgonjwa. Huo ndio ulimwengu uliokizaa kivumishi chetu.

Wafamasia wa mijini walipofungua maduka yao, nao waliyaita officina. Na hapo neno likapata kazi maalumu ambayo wengi hawaijui. Mimea mingi ina ndugu wanaofanana. Salvia ziko za aina nyingi, na mtu akiambiwa alete Salvia anaweza kuleta isiyotakiwa. Ile iliyokuwa ikinunuliwa, ikakaushwa na kuwekwa kwenye rafu ya duka la dawa, iliitwa Salvia ya officina, ili itofautishwe na Salvia nyingine za porini na za bustani. Kivumishi kilijibu swali la "ipi kati ya hizi?" na jibu lake lilikuwa "ile ya dukani". Hakikujibu swali la "je, inaponya?" wala la "je, ina madhara?"

Katika lugha ya wafamasia wa zamani kulikuwa pia na dawa za aina mbili. Za kwanza ziliandaliwa mapema na kukaa dukani zikiwa tayari, nazo ziliitwa za officina. Za pili ziliandaliwa pale tu daktari alipoandika agizo kwa mgonjwa fulani, na hizo ziliitwa za magister, yaani za mwalimu au bwana. Hapo napo unaona kwamba kilichohesabika ni kuwepo kwenye rafu.

Neno lenyewe halikufa. Mwitalia na Mreno wakisema officina au oficina, wanakusudia karakana ya magari. Mhispania akisema oficina, anakusudia ofisi. Mfaransa akisema officine, anakusudia duka la dawa. Neno moja, na mmoja analipelekea gari, mwingine barua, mwingine cheti cha daktari.

Sasa tuje kwenye kosa la karatasi yenu. Kilatini kina kivumishi kingine, officialis, chenye herufi moja pungufu. Hicho kinatokana na officium, yaani wajibu, kazi ya cheo, huduma. Kutoka officium lugha za Ulaya zilipata maneno yao ya mamlaka na urasmi, na sisi kwa kupitia Kiingereza tukapata "ofisi" na "afisa". Simlaumu sana mtu anayeyachanganya, kwa sababu officium na officina yalizaliwa kwenye ukoo mmoja wa opus na facere. Ila yaliachana zamani sana, moja likaelekea kwenye cheo na jingine likabaki kwa mafundi. Mmea wa officinalis haukupewa cheo na afisa yeyote. Ulikuwa na mahali kwenye rafu, basi.

Aliyeueneza msamiati huu duniani ni Carl Linnaeus wa Uswidi. Watu humkumbuka kama mtu wa mimea, wakasahau kwamba alikuwa daktari aliyefundisha udaktari katika Chuo Kikuu cha Uppsala, na mwaka 1749 alitoa kitabu kizima kuhusu mimea ya dawa. Mwaka 1753 alipochapisha orodha yake kubwa ya mimea kwa majina ya maneno mawili, mimea mingi tayari ilikuwa inajulikana madukani kwa jina la officina, naye akaliingiza neno hilo katika nafasi ya pili ya majina yao. Wataalamu wa mimea wamekubaliana kwamba hesabu ya majina ianzie kwenye kitabu hicho, tarehe 1 Mei 1753, na ndiyo sababu mazoea ya wafamasia wa karne ya 18 bado yamo kwenye lebo unazosoma leo.

Naomba ulishike hili, kwa maana ndilo linalovunja dai la ile karatasi. Kanuni ya kimataifa inayoongoza majina ya mimea inaeleza wazi mwanzoni kabisa kwamba jina la mmea linawekwa ili tupate namna ya kuutaja, wala kusudi lake si kueleza sifa zake au historia yake. Tena kanuni hiyo inakataza kulitupa jina lililowekwa kihalali eti kwa sababu halifai au halina ukweli. Ndiyo maana mmea wa jojoba unaitwa Simmondsia chinensis, "wa China", ingawa asili yake ni majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Na Asclepias syriaca, "wa Siria", ni mmea wa Amerika ya Kaskazini. Makosa hayo yanajulikana na kila mtaalamu, na majina yamebaki vilevile. Hakuna kamati inayokaa kuupa mmea daraja la officinalis, na hakuna inayokaa kuunyang'anya.

Swali lako la tangawizi limenifurahisha, kwa sababu jibu lake Mswahili analielewa haraka kuliko watu wa lugha nyingi. Officinale si daraja la chini. Ni upatanisho wa kisarufi. Sisi husema mtu mzuri, kitu kizuri, jambo zuri. Uzuri ni uleule, kinachobadilika ni ngeli ya nomino. Kilatini nacho kina makundi matatu ya nomino: ya kiume, ya kike na yasiyo na jinsia. Kivumishi chetu huwa officinalis kikifuata nomino ya kiume au ya kike, na huwa officinale kikifuata isiyo na jinsia. Salvia ni ya kike, kwa hiyo officinalis. Zingiber, tangawizi, haina jinsia, kwa hiyo officinale. Jasminum, yasmini, vilevile: Jasminum officinale. Tangawizi yenyewe ilikuwa na jina tofauti kwa Linnaeus. Hili la sasa ilipewa na William Roscoe mwaka 1807.

Na mfano mzuri kuliko yote umeushika mkononi. Mmea wa pakiti yenu Linnaeus aliuweka katika jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Trifolium, akauita Trifolium officinale. Baadaye ulihamishiwa jenasi Melilotus, na kivumishi kikabadili mwisho wake kikawa officinalis, kama vile "kizuri" kinavyogeuka "zuri" ukiacha kusema kitabu ukasema gazeti. Majani ni yaleyale. Kama officinalis ingekuwa daraja la juu, mmea huu ungekuwa umepandishwa cheo kwa kubadilishiwa ngeli.

Ukitaka kuona jinsi neno hili lilivyo pana, angalia orodha ya waliolibeba. Asparagus officinalis ni asparaga, mboga inayochemshwa na kuliwa. Saponaria officinalis ni mmea wenye povu uliotumika kufulia nguo. Halafu neno likavuka hata mipaka ya mimea: sponji ya kuogea, ambayo ni mnyama wa baharini, inaitwa Spongia officinalis, na yule dome wa baharini, jamaa ya ngisi, anaitwa Sepia officinalis, kwa kuwa ule mfupa wake mweupe uliuzwa kwenye maduka hayohayo na kusagwa kuwa unga wa kusafishia meno. Rafu ya mfamasia wa zamani ilibeba chakula, sabuni, sponji na dawa.

Ilibeba pia vitu vya hatari, na hapa ndipo naomba usome polepole. Symphytum officinale ulisifiwa kwa karne nyingi kuwa unaunga mifupa. Hata jina lake la kwanza linatokana na Kigiriki cha kukua pamoja. Leo tunajua una kemikali za kundi la alkaloidi za pirolizidini. Zikifika kwenye ini, vimeng'enya vya ini lenyewe huzigeuza kuwa vitu vikali vinavyoumiza seli za mishipa midogo ya damu iliyomo humo. Mishipa hiyo huziba, damu hushindwa kutoka kwenye ini, tumbo hujaa maji, na mtu anaweza kufa. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waondoe sokoni virutubisho vya kumeza vyenye mmea huo. Jina lake la officinale halikumkinga mtu hata mmoja. Jamaa yake mwingine, Cynoglossum officinale, ana kemikali za kundi hilohilo na huua ng'ombe na farasi wanaoula kwenye majani makavu.

Na kwa upande wa pili, mimea iliyotupa baadhi ya dawa zenye nguvu kuliko zote haina neno hili. Artemisia annua, iliyotupa artemisinini ya kutibu malaria, ugunduzi uliompa Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015, ina maana ya "wa mwaka mmoja" tu. Digitalis purpurea, iliyotupa dawa ya moyo, ni "wa zambarau". Catharanthus roseus, iliyotupa dawa mbili kubwa za saratani, ni "wa rangi ya waridi". Ungenunua dawa kwa kufuata kivumishi, ungeziacha zote tatu dukani.

Nitaje mmoja zaidi, kwa kuwa unaonyesha jambo hili lilivyo jepesi. Rozmeri iliitwa Rosmarinus officinalis tangu siku za Linnaeus. Uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba imo ndani ya ukoo wa Salvia, wataalamu waliihamishia huko mwaka 2017. Lakini jina Salvia officinalis tayari lilikuwa na mwenyewe, na mimea miwili haiwezi kuitwa jina moja. Rozmeri ikawa Salvia rosmarinus, ikapoteza officinalis yake moja kwa moja. Harufu haikupungua, mafuta yake hayakubadilika, na hakuna aliyeikuta dhaifu kesho yake asubuhi.

Sasa turudi kwa mama.

Melilotus ni mmea wa jamii ya kunde, wenye maua madogo, na ukikauka hutoa harufu tamu. Harufu hiyo inatokana na kemikali inayoitwa kumarini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kupoteza ng'ombe kwa namna ya kutisha. Mnyama akikatwa pembe au akihasiwa, damu haikukoma. Wengine walivujia damu ndani bila jeraha lolote. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba chanzo kilikuwa majani makavu ya Melilotus yaliyokaushwa vibaya yakaota ukungu. Majani mazuri hayakuwa na shida. Mwaka 1933 mfugaji mmoja alifika kwenye maabara ya Karl Paul Link, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akiwa na ndama jike aliyekufa, majani yale, na ndoo ya damu isiyotaka kuganda.

Iliichukua timu ya Link miaka sita kuipata kemikali yenyewe, mwaka 1939. Ilikuwa dikumaroli: ukungu huichukua ile kumarini ya mmea na kuigeuza kuwa kitu kinachozuia damu kuganda. Kutoka hapo Link na wenzake walitengeneza kemikali nyingine za familia hiyo, na mojawapo ilitolewa mwaka 1948 kuwa sumu ya panya, kisha mwaka 1954 ikakubaliwa kwa matibabu ya binadamu. Waliipa jina kwa herufi za taasisi ya utafiti ya Wisconsin iliyogharamia kazi hiyo, wakamalizia na mwisho wa neno kumarini. Hiyo ndiyo warfarini. Dawa anayomeza mama yako kila siku ilizaliwa kutokana na mmea wa aina hii uliooza.

Warfarini hufanya kazi hivi. Ini linahitaji vitamini K ili kukamilisha protini kadhaa zinazogandisha damu. Vitamini hiyo ikishatumika, kimeng'enya fulani huirejesha katika hali ya kutumika tena. Warfarini hukizuia kimeng'enya hicho. Protini zilizokwishatengenezwa huendelea kuwepo kwa siku kadhaa, ndiyo maana kuongeza au kupunguza kitu leo huonekana kwenye damu baada ya siku, si saa. Hili ni muhimu kwenu: mama anaweza kutumia unga huo siku mbili akajisikia vizuri kabisa, huku damu yake ikielekea kuwa nyepesi kupita kiasi. Kipimo cha INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, ndicho kinachoonyesha alipo, na nafasi kati ya kipimo kizuri na cha hatari ni ndogo.

Niwe mkweli kwa mmea huu pia, nisije nikauonea. Kumarini yenyewe haifanyi kazi ya warfarini, na mmea uliokaushwa vizuri, ukapimwa, si sawa na yale majani yenye ukungu. Shirika la dawa la Ulaya linautambua Melilotus officinalis kama dawa ya jadi ya kupunguza uzito na usumbufu wa miguu unaotokana na matatizo madogo ya mishipa ya vena. Kwa hiyo jamaa yenu hakuokota jambo hewani. Lakini dawa ya jadi hapo maana yake ni kwamba msingi wake ni matumizi ya miaka mingi, na "matatizo madogo" si mguu uliowahi kupata donge la damu. Kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, bidhaa iliyosajiliwa na kupimwa inaweza kuwa jambo la kuzungumza na mfamasia. Kwa mtu anayemeza warfarini, unga ambao hujui ulikaushwa wapi, ulihifadhiwaje, wala una kumarini kiasi gani, hauna faida inayofikia hatari yake. Juu ya hayo, kumarini kwa wingi huumiza ini kwa baadhi ya watu; Marekani ilipiga marufuku kuiongeza kwenye vyakula mwaka huohuo wa 1954.

Sentensi ya "unaweza kutumika pamoja na dawa yoyote" ndiyo iliyonikasirisha kwenye ile karatasi. Kukosea asili ya neno la Kilatini ni kosa la kusameheka. Kumwambia mgonjwa asiyefahamika kwamba dawa zake zote ziko salama ni jambo jingine.

Mpeleke mama kliniki na pakiti yenyewe, usiende na maelezo ya mdomo tu. Hapa ndipo jina la kisayansi linapokuwa na thamani yake halisi: daktari akisoma Melilotus officinalis, anajua mara moja ni mmea gani, popote alikosomea, na atajua la kutafuta. Angalia kama pakiti inataja sehemu ya mmea iliyotumika, jina la mtengenezaji, namba ya toleo, na namba ya usajili ambayo mamlaka ya dawa inaweza kuithibitisha. Kama hayo hayapo, umeshapata jibu lingine.

Muulize daktari pia kwa nini miguu inavimba, kwa sababu kuvimba ni dalili tu. Baada ya donge la damu, vena zinaweza kubaki na udhaifu. Lakini moyo, figo na ini navyo huvimbisha miguu, na hata baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama amlodipini, hufanya hivyo. Kila sababu ina tiba yake. Wakati mnasubiri miadi, kuinua miguu juu kidogo ya usawa wa moyo akiwa amelala, na kutembeatembea badala ya kukaa muda mrefu, hakugongani na dawa yoyote. Soksi za kubana husaidia wengi, ila asizivae kabla daktari hajaangalia mzunguko wa damu kwenye ateri za miguu yake, kwa kuwa kwa baadhi ya watu hudhuru.

Kuna mambo ambayo hayasubiri miadi. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, au mama akipata shida ya kupumua, maumivu ya kifua au kukohoa damu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Vilevile akiona choo cheusi kama lami, damu kwenye mkojo, fizi au pua zinazovuja bila kukoma, michubuko isiyo na sababu, au kichwa kikimuuma vibaya kuliko kawaida. Akianguka na kugonga kichwa, hata kama anajisikia vizuri, apelekwe.

Na kama kwa bahati mbaya ameshaonja unga huo kabla barua hii haijakufikia, msione haya kusema. Waambieni wahudumu ni kiasi gani na tangu lini, wampime INR, na waulizeni kama kipimo kirudiwe baada ya siku chache, kwa sababu ile niliyoeleza ya protini kuchelewa kupungua. Tangawizi ya kawaida ya jikoni, ile ya kuungia chakula, haina haja ya kuondolewa mezani. Vidonge na dondoo za tangawizi zenye nguvu ndizo za kutajwa kliniki pamoja na huo unga.